Chai ya oolong na hitilafu iliyokuwa kwangu

Leo naweka programu kando nizungumzie chai. Msikimbie, hii pia ni habari ya kutafuta hitilafu.

Mwezi jana mwenzangu wa kazini alirudi kutoka China na pakiti ya Tieguanyin, chai ya oolong ya Anxi, mkoani Fujian. Majani yake yamesokotwa mpaka yakawa kama vidonge. Mimi ni mtoto wa wakulima wa majani chai kule Kisii, basi nani atanifundisha kupika chai? Nikayatia kwenye sufuria na maziwa na sukari, nikachemsha hadi yakafura. Ilikuwa chungu, wala haikunukia chochote. Nikamwambia mwenzangu kwamba ameuziwa nyasi.

Usiku ule nilijiona mjinga. Programu ikikwama silaumu kompyuta kwanza. Nabadilisha kitu kimoja, najaribu, kisha kingine. Nikaamua kufanya vivyo hivyo, bila maziwa wala sukari.

Nilianza na muda: gramu 5 za majani kwa mililita 100 za maji. Kwa dakika 3, chungu. Kwa sekunde 20, harufu ya maua na utamu kwa mbali! Harufu hutangulia kutoka, na vile vinavyokausha ulimi huzidi kutoka kadiri majani yanavyokaa majini. Ndiyo maana Wachina humimina upesi, kisha hutia maji tena kwenye majani yale yale. Mimi nilifika mara ya sita, nikiongeza sekunde chache kila mara.

Kisha joto. Oolong nyepesi kama hii hupendelea nyuzi 90 hadi 95. Nairobi iko juu sana, maji huchemka yakiwa kama nyuzi 94, kwa hiyo hapo sikuhitaji kipimajoto.

Mwisho, maji yenyewe. Maji ya kisima cha ploti yetu yana chumvichumvi, na chai ilipooza kabisa. Ya chupa yaliifufua. Lu Yu, aliyeandika kitabu cha chai huko China katika karne ya 8, aliyapanga hivi: ya mlimani kwanza, ya mto yafuate, ya kisima mwisho. Angekuja kwetu angenionya mapema.

Jumamosi nikampelekea baba. Alikunjua jani moja lililolowa, akalitazama ukingoni palipokuwa na wekundu.

"Haya yameumia," akasema. "Karani angeyakataa."

Nilinyamaza. Nikiwa na miaka tisa niliketi juu ya gunia la majani mabichi tukiwa njiani kwenda kituo cha kununulia. Yakapondeka, yakapata moto, yakageuka rangi. Karani akayakataa, na kazi ya siku nzima ya baba na mama ikamwagwa. Sikuwahi kusema ni mimi.

Nikamweleza baba kwamba Wachina huyaumiza makusudi. Huyaanika yanyauke, huyatikisa kwenye nyungo za mianzi ili kingo zichubuke, huyapumzisha, huyatikisa tena. Yakifika rangi na harufu wanayotaka, huyatia kwenye karai la moto ili yasiendelee kugeuka. Chai ya kijani huzuiwa mapema, chai nyeusi yetu huachwa igeuke yote kiwandani, oolong husimamishwa katikati. Hapo ndipo nikamwambia na habari ya gunia.

Baba akanywa kikombe chake chote kwanza.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Suruali yako ilikuwa na rangi ya majani. Kumbe ulikuwa unatengeneza oolong, ukasahau tu kusimamisha."

Jumatatu nilimwomba mwenzangu radhi. Nawe ukipata oolong, anza na sekunde 20 na maji mazuri. Sufuria na maziwa viachie chai yetu, vinaifaa sana.