Safari ya Kukumbuka

Kusafiri ni shule, lakini si kila msafiri huwa mwanafunzi. Mara kwa mara vijana wa shule na vyuo hutoka Dar es Salaam, hupita Bunju na Mapinga, na baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 70 huwasili Bagamoyo. Huonyeshwa magofu ya Kaole, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, kituo cha misafara na boma la Wajerumani. Hupiga picha, hunywa madafu, na jioni hurejea. Miguu imefika, haijulikani kama na moyo umefika.

Wayahudi wana desturi kubwa ya safari za namna hii. Watu wao wapatao milioni 6 waliuawa Ulaya na utawala wa Hitler, na vijana wao, pamoja na vijana wa mataifa mengine, huzuru Auschwitz na makambi mengine ya mauti. Katika desturi hiyo limo jambo linalostahili kuigwa: wafu hawaachwi kuwa hesabu tu. Huko Yad Vashem, Jerusalem, majina yao yamekusanywa kwa miaka mingi, moja baada ya jingine. Muuaji alitaka kumfuta mtu pamoja na jina lake. Alitajaye jina hilo humpunguzia muuaji ushindi.

Kijana wa pwani aweza kudhani kuwa msiba huo ni wa watu wa mbali. Sivyo. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto bado alipowatumikia katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akadai mishahara ya vita, hakupewa. Akabaki huko, akawa mtumishi wa mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Sheria za ubaguzi zilizotungwa mwaka 1935 dhidi ya Wayahudi ziliwaangukia na watu weusi. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo lenye bamba la shaba na jina lake lilitiwa katika njia ya Berlin, sawa na mawe waliyowekewa Wayahudi wengi mbele ya nyumba zao.

Husen ana jiwe. Je, waliouzwa Bagamoyo wana nini? Hapa somo huwa gumu. Wengi wao waliandikwa kwa idadi, au hawakuandikwa kabisa. Tena, wengi waliobeba pembe za ndovu mpaka kituo cha misafara hawakuwa watumwa, bali wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi. Mwongozaji anayewatia wote minyororo kwa ulimi wake hawaheshimu wale waliofungwa kweli.

Upo na ukweli mchungu zaidi. Wenye misafara na wenye majahazi hawakuwa wageni watupu. Walikuwamo watu wa pwani na watawala wa bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini katika Tanganyika utumwa haukukomeshwa na sheria mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na babu aliyeuza na bibi aliyeuzwa, na wajukuu wakala sahani moja bila kuulizana.

Wajerumani wa leo huwapeleka watoto wao Sachsenhausen, mahali pa aibu ya mababu zao, wala nchi yao haikupungua kwa hilo. Mwanafunzi aendaye Bagamoyo na aanze safari yake nyumbani, kwa kuwauliza wazee majina kabla hawajaondoka nayo. Magofu yatamngoja, wazee hawatamngoja.