Barua kutoka Denver: Bei ya Adui wa Steringi

Mjomba,

Natumai mvua imefika huko Kiambere na mbuzi wana cha kutafuna.

Nilipokwambia kwa simu kwamba kazi yangu ni kukagua sanamu dukani, ulicheka ukauliza ni za watakatifu gani. Si watakatifu, Mjomba. Wiki hii mezani pangu alikuwa Lex Luthor, adui wa Superman. Alianza kuonekana katika vitabu vya katuni mwaka 1940 akiwa na nywele nyekundu. Mwaka uliofuata mchoraji akamchora na kipara kwa makosa, na kipara kikabaki. Huyu niliyeletewa amevaa deraya ya kijani na zambarau iliyobuniwa na George Pérez mwaka 1983. Watu wazima wenye kazi zao na watoto wao hugombania vitu hivi, na adui mara nyingi huwaniwa kumshinda hata steringi.

Wewe sokoni Kiritiri humnunui mbuzi kwa uzuri wa manyoya. Wamfunua mdomo uone meno. Nami naanza na uzito. Sanamu nzuri za aina hii hufinyangwa kwa utomvu wa kiwandani uliochanganywa na unga wa mawe, kwa hiyo huwa nzito na baridi mkononi kuliko plastiki. Kisha natazama macho, maana rangi ya macho ndiyo humuumbua fundi mvivu. Natafuta mistari ya kalibu iliyosahaulika bila kusuguliwa, vidole vilivyowahi kuvunjika, weupe uliogeuka manjano kwa jua au moshi wa sigara. Nazima taa za chumba na kuwasha ya urujuanimno: gundi na rangi ya kurudishia hung'aa tofauti na rangi ya awali, na siri ya muuzaji inatoka.

Bado hapo sijataja bei. Nageuza kitako nisome namba, kwani sanamu hizi hutolewa kwa idadi maalumu na kila moja huwa na yake. Nauliza boksi la awali liko wapi, risiti iko wapi, nani alikuwa nayo kabla ya huyu aliyeileta. Sanamu isiyo na boksi hushuka bei. Isiyo na historia hutiliwa shaka, hata kama haina mkwaruzo.

Kinachonikera ni kwamba umakini huu wote ni kwa kitu kilichotoka kiwandani juzi.

Luthor huyuhuyu, katika sinema ya Superman ya mwaka 1978, aliigizwa na marehemu Gene Hackman. Katika hadithi ile ananunua jangwa kwa bei ya chini, kisha anapanga kuizamisha pwani ya California kwa kombora ili jangwa lake ligeuke ufuo. Wewe uliyeona Mto Tana ukizuiwa, bwawa letu la Kiambere likakamilika mwaka 1988 na mashamba ya watu yakalala chini ya maji, huhitaji kuelezwa jinsi maji yanavyogeuza thamani ya ardhi.

Sasa sikia. Mwaka 1990 Hackman huyo na mtayarishaji wa sinema Art Linson walilipatia jumba la makumbusho la hapa Denver vigango 30 vya Wamijikenda, kama zawadi. Kigango huchongwa kwa mti mgumu na kusimamishwa kwa heshima ya marehemu wa chama cha Gohu. Hakichongwi kiuzwe, wala hakihamishwi. Sisemi waungwana wale waliiba. Vitu vile viliuzwa waziwazi katika maduka ya sanaa huku Marekani. Nasema msururu wote ule, kuanzia viliposimamishwa hadi kabati la kioo, haukulazimika kujibu maswali ninayomuuliza kijana aliyeleta Luthor. Jumba la Denver lilipoamua kuvirudisha, mwaka 2014, halikuweza kujua kila kimoja kilitoka kwa nani. Vilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, vikafika nchini mwaka 2019.

Mzee Kalume Mwakiru wa kule Pwani alikuwa na bahati kidogo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Picha ile ndiyo iliyovitambulisha vilipoonekana katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na mwaka 2007 kimoja kikarudi kwa familia. Mzee alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo, Mjomba, nakuomba jambo moja. Mwite mmoja wa vijana, achukue simu, akipige picha kigoda cha babu, na kile kibuyu cha asali, na fimbo ya wazee, nawe ukiwa umevishika. Aandike vilikuwa vya nani na nani alivichonga, kisha anitumie nami niweke nakala huku. Na akipita mnunuzi wa vitu vya kale akakutajia bei ya kukufumba macho, usikimbilie kupatana. Mwulize vitu alivyokwisha kununua alivipata kwa nani, na kama mwenyewe alitaka kuuza. Asipoweza kujibu, mpe maji ya kunywa umsindikize barabarani.

Msalimie shangazi na watoto.

Wako,
mpwa wako wa Denver