Pipi Sita Mfukoni

Kwenye bloku yetu nilikuwa na sifa ya uchoyo. Mtu akiniona na pipi akaniomba moja, nilikuwa nacheka tu, sitoi. Natembea nazo sita kila siku, na kwa karibu miaka miwili niliwaacha watu waseme mimi ni bahili. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba kwangu zile si pipi, ni dawa.

Nina miaka ishirini na mbili, nasoma ualimu mwaka wa tatu, na nina kisukari aina ya kwanza tangu kidato cha kwanza. Kwa wasiojua: kongosho langu halitengenezi insulini, ile homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu kuingia kwenye misuli ikafanya kazi. Sikuipata kwa kunywa soda. Kinga ya mwili wangu mwenyewe iligeuka ikashambulia kongosho. Basi najichoma sindano mara nne kwa siku, na kazi ambayo mwili wako unaifanya bila wewe kujua, mimi naifanya kwa hesabu. Nimekula kiasi gani? Nitatembea kiasi gani? Nichome yuniti ngapi? Nikichoma pungufu, sukari inapanda. Nikizidisha, inashuka, na ikishuka sana mtu anaanguka.

Nimezaliwa Tanga, na kabla ya ugonjwa nilikuwa mtoto wa baharini. Baada ya kutoka wodini, mama alifuta yote: kuogelea, mdako, hata mchakamchaka wa shule. "Weye mgonjwa, mwanangu. Kaa kivulini." Simlaumu. Alikuwa ameniona nimelala siku mbili bila kumtambua. Ila nilikaa kivulini miaka minane, na kivuli nacho kinachosha.

Mwaka jana hapa chuoni nikakutana na wanafunzi wanne waliokuwa wanajiandaa kwa trayathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia, vyote kwa mpigo siku moja. Ile ndefu kabisa ilianzia Hawaii mwaka 1978. Wakaanza watu 15, wakamaliza 12: km 3.8 majini, km 180 kwa baiskeli, km 42.2 kwa miguu. Sisi hatukuwa wendawazimu kiasi hicho. Tukachagua nusu yake: km 1.9, km 90 na km 21.1. Hakuna kiingilio, hakuna medali, tunapanga wenyewe na kufanya Jumamosi ya kwanza baada ya UE. Kiongozi wetu, kaka mmoja wa uhandisi, tukamwita Kepteni.

Sikuwaambia. Niliogopa neno moja tu: kivulini.

Kilichonikuta nilikitafuta mwenyewe. Jumamosi moja ya Machi tulitoka Mwenge na baiskeli za mtumba kuelekea Kerege. Asubuhi nilikunywa chai na chapati mbili, nikachoma yuniti zangu zilezile za kila siku, tena kwenye paja. Makosa mawili kwa mpigo. Misuli ikifanya kazi inakula sukari hata kwa insulini kidogo, kwa hiyo dozi ya siku ya kukaa darasani ni kubwa mno kwa siku ya kukanyaga pedali saa nne. Na insulini iliyochomwa kwenye paja linalofanya kazi inaingia kwenye damu haraka zaidi. Ongeza na jua la Machi.

Tulipovuka Tegeta nikaanza kuachwa. Kabla ya Bunju nikala pipi zote sita, na sikusimama. Hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu sikutaka kuulizwa kwa nini nimesimama. Nakumbuka mikono inatetemeka, nakumbuka kibao cha duka nasoma herufi lakini hazigeuki neno. Kisha niko chini pembeni ya barabara, na vijana wa bodaboda wanacheka: "Dada kalewa saa tatu asubuhi!"

Mama mmoja aliyekuwa anauza chai na mihogo akaja akanishika mkono. Jasho lilikuwa la baridi. Akawageukia wale vijana akasema, "Huyu hajalewa. Marehemu mume wangu alikuwa anakuwa hivi hivi." Akakoroga vijiko vya sukari kwenye kikombe cha maji, akanishikia mdomoni kama mtoto. Baada ya robo saa nikapima: 3.4. Chini ya 4 ni hatari, na hiyo ilikuwa baada ya pipi sita na kikombe kizima. Sijui ilikuwa ngapi kabla.

Nilipotaka kumlipa alikataa. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Wenzio wako wapi?"

Wenzangu walirudi kunitafuta nusu saa baadaye. Nikawaeleza yote pale pale kwenye benchi lake. Nilitegemea huruma, na huruma ndiyo niliyokuwa naikimbia. Kepteni alikasirika. Alisema, "Ungekufa hapa, tungemwambia nani? Namba ya mama yako hatuna. Ugonjwa wako hatuujui. Umetufanya sisi wote wajinga." Sikuwa na jibu. Miaka yote nilidhani siri yangu inanilinda mimi. Kumbe watu waliokuwa wanaweza kuniokoa ndio niliokuwa nimewafunga macho.

Kuanzia hapo mazoezi yakawa mengine. Nikaenda kliniki kwanza, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwezi wa kwanza. Daktari hakunikataza. Alinipa daftari na kuniambia niandike kila kitu: chakula, yuniti, kilomita, kipimo. Dozi ya siku za mazoezi tukaipunguza pamoja naye, taratibu. (Kipimo changu si chako, kwa hiyo sikiandiki hapa.) Nikajifunza kutoanza mazoezi kabla sukari haijafika angalau 7, na kwamba ikizidi 14 naacha kwanza na kupima ketoni. Nikajifunza kanuni ya 15: ikishuka, kula gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu vya chai kwenye maji, kaa chini dakika 15, pima tena. Kukaa chini ndiko kugumu. Nikajifunza pia kwamba ukikimbia sana jioni, sukari inaweza kushuka usiku wa manane ukiwa usingizini. Rum meti wangu akajiwekea alamu ya saa nane usiku, na kwenye droo yake sasa kuna boksi la glukosi ambalo si la kwake.

Stripu za kupimia si za bure. Bumu likichelewa, kila nikipima najua nimekula sahani ya wali maharage. Insulini nayo haipendi joto, kwa hiyo kwenye baiskeli naibeba ndani ya chupa ya chai niliyoipoza kwa maji baridi. Watu wananiomba chai. Wamehama kwenye pipi.

Likabaki moja: mama. Nilimpigia Jumapili usiku. Shikamoo, marahaba, umekula, umechoma. Nikamwambia. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Usiku mwema," akakata. Siku nne hakupiga, yeye ambaye hajawahi kukosa hata siku moja tangu niingie chuo. Siku ya tano akapiga: "Nimekwenda kliniki ya huku nikauliza. Nesi kasema inawezekana, ukiwa na akili. Sasa miye swali langu, akili unayo?" Nikasema ninayo kidogo, mama. "Haya, nipe namba ya huyo Kepteni."

Siku yenyewe tuliingia baharini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yametulia. Kwenye maji huwezi kupima, kwa hiyo nilianza na 9.8 na pakiti ya glukosi nimeibana chini ya kofia ya kuogelea. Nilitoka baada ya dakika 55 nikiwa na 6.9, nikala ndizi mbili. Baiskeli ilinichukua saa nne na nusu, na kila nusu saa nilikula kitu hata kama sina njaa. Dada yake Kepteni alitufuata na pikipiki, na kila saa simu yake ililia. Alikuwa mama.

Kilomita ya kumi na tatu ya kukimbia, kwenye mlima wa kurudi chuoni, herufi zilianza kukataa tena. Nikapima: 3.7. Tulikuwa wanne bado tunakimbia, na mimi nilikuwa wa tatu. Safari hii nilikaa chini. Nikanywa, nikatazama saa. Yule wa nne akanipita, akauliza kwa ishara, nikamwonyesha kidole gumba. Dakika kumi na tano za kukaa huku wenzio wanaondoka ni ndefu kuliko km 90. Nikapima: 5.8. Nikasimama, nikaenda mwendo wa kutembea na kukimbia hadi mwisho. Nilimaliza wa mwisho, saa tisa na dakika ishirini na tano alasiri.

Nawaandikia hasa wenzangu wa ualimu, maana tunakwenda TP. Nilipokuwa kidato cha kwanza, kabla ya kujulikana, nilikuwa nakunywa maji kama ngamia, naomba ruhusa ya chooni kila kipindi, nakonda, nasinzia. Mwalimu mmoja alinipigisha magoti kwa utoro. Mwalimu wa baiolojia ndiye aliyemwita mama akamwambia, mpelekeni mtoto apimwe sukari leo, si kesho. Niko hai kwa sababu ya huyo wa pili. Hakuwa daktari. Aliangalia tu. Mtoto akiomba ruhusa mara ya tatu, mwangalie kabla hujamwadhibu. Na akiwa na pipi mfukoni, muulize vizuri.

Nilipomaliza, nilikuwa nimelala kwenye nyasi, miguu haina habari na mimi. Kepteni akaniletea simu. Nilitegemea hongera.

"Imesoma ngapi?" mama akauliza.

"Saba nukta mbili, mama."

Akashusha pumzi. "Haya. Sasa kula."