Gari la Mjomba

Gari lililokufa kabisa halimsumbui fundi mwenye akili. Atagusa hapa na kugusa pale, hata apafikie mahali pa ubovu, kwa kuwa ubovu wenyewe umekaa unamngoja. Gari linalosumbua ni lile linalokataa leo na kukubali kesho. Hilo hufanana na mgonjwa ambaye homa humshika usiku, na asubuhi afikapo mbele ya tabibu mwili wake ni baridi kama maji ya mtungini. Tabibu ampe dawa gani? Akimpa, huenda akatibu kisichouma. Asipompa, ataambiwa hajui kazi.

Mjomba wangu alikuwa na gari la namna hiyo. Lilitengenezwa mwaka 1974, naye alilinunua alipostaafu ukarani Mombasa, likiwa limekwisha kupita mikononi mwa watu watatu. Alilileta kijijini kwetu, pwani ya kusini katika Kwale, mahali ambapo nyumba ya mwisho na bahari hazitengwi ila kwa safu ya minazi. Mwaka 1998, ambao ndio ninaousimulia, simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia, na gari jingine kijijini hapakuwa. Kwa hiyo gari lile lilikuwa la mjomba kwa hati tu. Mchana lilikuwa lake; jua likichwa lilikuwa la kila mwenye mgonjwa. Hakupata kumtoza mtu zaidi ya bei ya petroli, na wengi hata hiyo hawakuwa nayo.

Mvua za El Niño, zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997, ziliacha madimbwi kila upande, na mbu wakawa wengi kuliko nilivyopata kuwaona. Usiku mmoja wa Machi jirani alibisha mlango, amempakata mtoto wake wa miaka minne aliyeshikwa na degedege. Yafaa mjue kwamba jirani huyu na mjomba walikuwa na shauri la mpaka wa shamba, minazi minne kila mmoja akidai ni yake, na kwa miezi mingi salamu zao zilikuwa fupi. Mjomba akatoka na kikoi chake, akaingia garini, akazungusha ufunguo. Ikasikika sauti moja, "ta!", kisha kimya. Akazungusha tena: "ta!" Taa kubwa ziling'aa ukutani kana kwamba gari halina dosari. Wakajaribu kulisukuma, lakini magurudumu yalikuwa yamezama mchangani chini ya mwembe, na wanaume walikuwa watatu tu, mmoja wao mzee. Likatikisika mbele na nyuma, lisitoke. Mtoto akachukuliwa kwa baiskeli hata barabara kuu, wakapata lori, wakafika hospitali ya Msambweni alfajiri. Alhamdulillahi, mtoto alipona.

Kulipopambazuka mjomba alitia ufunguo, na gari likawaka mara moja, mlio wake ukasikika kijiji kizima.

Hapo ndipo balaa ilipozaliwa. Gari lililokataa saa nane za usiku limewezaje kukubali saa kumi na mbili? Watu wakaunganisha usiku ule na minazi minne, wakapata jawabu lao. Hakuna aliyemwambia mjomba usoni. Lakini alipopita barazani mazungumzo yalikatika, na jioni alipotoka msikitini alitoka peke yake. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huo umewadhulumu watu wengi wasio na hatia.

Siku zile nilikuwa nasomesha sayansi katika shule moja ya sekondari, nikaja kijijini kwa likizo ya Aprili. Mjomba aliniandalia kahawa, akakaa kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mtu akikwita mwizi, waweza kumfungulia mfuko wako atazame. Mimi nimfungulie nani nini? Gari linalowaka?"

Alikuwa amekwisha kulipeleka gereji huko Ukunda mara mbili. Mara zote mbili liliwaka mbele ya fundi bila kusita. Fundi, mtu mzima mwenye heshima ya kazi yake, alikuwa amebadilisha betri kwa kubahatisha, na mara ya pili akakataa hata kupokea fedha. "Mzee," alimwambia, "siwezi kumtibu mgonjwa asiyeumwa mbele yangu. Niletee likiwa limegoma." Lakini gari lililogoma halendi Ukunda, na likienda halijagoma. Hapo shauri lilikuwa limekwama.

Nilimwomba mjomba kitu kimoja kisicho na gharama: daftari. Kila atiapo ufunguo, aandike siku na saa, injini ni moto au baridi, gari limelala wapi, mvua ilinyesha au haikunyesha, na sauti gani imesikika. Alikuwa karani miaka thelathini; hati yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, wala hakuruka siku hata moja. Baada ya majuma matatu tulikuwa na mistari 31, na katika hiyo mitano imeandikwa "limekataa". Watu hudharau daftari kwa kuwa halina mafuta wala spana, lakini ubovu unaokuja na kwenda hauwezi kunaswa kwa kumbukumbu ya kichwa. Kichwa hukumbuka siku za fedheha, na husahau siku ambazo mambo yalikwenda sawa.

Tukaketi kuisoma mistari ile. Swali la kwanza kwa gari lisilowaka ni hili: je, injini inazunguka isiwake, au haizunguki kabisa? Hayo ni magonjwa mawili mbalimbali, na wengi huyachanganya. Injini ikizunguka kwa nguvu isiwake, tafuta petroli au cheche: kabureta, pampu, plagi, unyevu chini ya kifuniko cha distribyuta. Isipozunguka, petroli haina hatia; tafuta umeme wa stata. Mara zote tano mjomba aliandika "ta moja, haikuzunguka". Kwa neno hilo tulikuwa tumefuta nusu ya mashaka yetu. Pia mara zote tano injini ilikuwa baridi, gari limelala chini ya mwembe. Halikupata kukataa likiwa moto kutoka safarini. Mvua haikuonyesha njia yoyote, kwa maana siku za mvua liliwaka na siku kavu likakataa.

Sasa natakeni mtulie kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Kwa nini taa zing'ae na stata ishindwe, ikiwa betri ni moja? Kila mtu alimwuliza mjomba swali hilo, na wengi waliliona kuwa ndio ushahidi wa uongo wake. Jawabu lake limo katika kanuni aliyoitangaza Georg Ohm, Mjerumani, mwaka 1827: volti zinazopotea mahali ni sawa na mkondo uliozidishwa kwa ukinzani wa mahali hapo. Taa kubwa mbili hunywa ampea 10 hivi. Stata ya gari dogo huhitaji 150 au zaidi. Tuseme mahali fulani waya umeoza na kuleta ukinzani wa omu 0.02, kitu kidogo hata mita za kawaida haziwezi kukipima. Kwa taa, utapoteza volti 0.2, na jicho halitatambua. Kwa stata utapoteza volti 3 katika 12, na ukinzani ukizidi kidogo stata itabaki kugonga "ta!" kama mtu abishaye mlango asiotarajia kufunguliwa. Tena taa na stata hazirudishi umeme kwa njia moja. Taa hurudisha kwa bodi ya gari. Stata hurudisha kwa injini, na injini imekaa juu ya mipira. Kwa hiyo pana ukanda wa shaba uliosukwa unaoiunganisha injini na bodi. Ukanda huo ukifa, taa hazina habari.

Vijana wa leo wanaona ufunguo kuwa kitu cha asili kama jua. Kabla ya Cadillac ya mwaka 1912, ambayo stata yake ya umeme ilitokana na kazi ya Charles Kettering, magari mengi yalizungushwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma huvunja mkono wa mtu. Mjomba aliyakumbuka malori ya hendeli ya utotoni mwake. "Yale," alisema, "yalikukataa kwa uwazi."

Niliazima mita ya volti, tukangoja. Siku ya nne, baada ya sala ya alfajiri, mjomba aliniamsha, uso wake umejaa furaha kama mtu aliyenasa samaki mkubwa: "Limekataa! Njoo upesi, wala usiliguse!" Nilimkanya asilitikise hata mlango. Yeye akashika ufunguo, mimi nikashika mita. Kwenye vichwa vya betri, ufunguo ukizungushwa, mita ilisoma 11.7; betri ni nzima. Kutoka kichwa cha chanya hata kwenye stata, hasara ilikuwa ndogo sana. Kutoka kichwa cha hasi hata kwenye bodi, karibu na sifuri. Kisha nikaweka ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye chuma cha injini, mahali ambapo hasara haipasi kuzidi nusu volti. Mita ikasoma 9.

Papo hapo mjomba akapiga kelele kidogo. Alikuwa amegusa kitufe cha choki, akakiona kina moto. Umeme uliokosa njia yake halali ulikuwa unajipenyeza kwa waya mwembamba wa choki, ambao haukuumbwa kubeba mzigo ule, na ndiyo maana ulipata moto. Nilikuwa nimesoma habari hizo kitabuni, lakini kuziona katika kidole cha mjomba wangu ni elimu nyingine.

Tulilala chini ya gari. Ukanda wa shaba ulionekana mzima kwa juu. Chini ya nati, chumvi ya bahari ilikuwa imeula na kuugeuza rangi ya kijani. Gari likitikiswa, injini husogea juu ya mipira yake kwa upana wa ukucha, na nyuzi chache zilizobaki hushika tena. Kumbe wale watu watatu waliolisukuma usiku ule ndio waliolitibu bila kujua, na barabara ya Ukunda ililitibu kila lilipokwenda kwa fundi.

Ukanda mpya uligharimu fedha chache kuliko nauli ya kuufuata. Tulisugua chuma kwa msasa hata kikang'aa, tukakaza nati, tukapaka mafuta mazito ya kuzuia chumvi. Ule wa zamani mjomba aliufunga katika gazeti, pamoja na daftari, akaenda navyo kwa jirani. Mimi nilisimama mbali. Jirani aliufungua, akaukunja, nao ukakatika mkononi mwake ukamwaga unga wa kijani. Akasoma daftari ukurasa baada ya ukurasa. Alisoma polepole sana, maana tarehe ya usiku wake, aliyoijaza mjomba kwa kumbukumbu, ilikuwa mstari wa kwanza. Kisha akauliza, "Ni huu tu, Mzee?" Mjomba akajibu, "Ni huo tu."

Shauri la minazi halikuondolewa. Walikwenda nalo kwa wazee mpaka mwaka wa pili, na kila mmoja akapata miwili. Ila mwezi wa Juni, mke wa jirani aliposhikwa na uchungu, mlango uliobishwa ulikuwa wa mjomba. Daftari lina mstari wa usiku huo: saa tisa, injini baridi, mvua kidogo, limewaka.