Bangili Zangu na Injini ya Pikapu



Leo sina mapishi wala mapambo. Nina habari ya injini. Najua wengine mtasema injini na sisi wapi na wapi, lakini nisomeni hadi mwisho, kwani injini yenyewe ilinunuliwa kwa mahari yangu.

Mimi na mume wangu tunaishi Pemba, na riziki yetu ni kukodisha vifaa vya harusi: viti, maturubai, mazulia, masufuria makubwa na jukwaa la biharusi. Gari yetu ni pikapu, Toyota Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ile inayovuta kwa miguu yote minne, yenye injini ya dizeli ya 3L. Injini hiyo ni ya lita 2.8, haina tabo, na nguvu zake ni kama za farasi 90. Anayeijua Pemba anajua kwamba kisiwa chetu ni vilima na mabonde. Ukipakia viti mia mbili na masufuria, kila kilima gari inapanda kwa gia ya kwanza, inatoa moshi mweusi, na watoto wa skuli wanaikimbilia kwa miguu na kuifikia.

Miaka mitatu iliyopita mume wangu akaingiwa na fikra ya kubadilisha injini. Alitaka 1KZ, ya lita 3 na yenye tabo, iliyokuwa ikifungwa kwenye Prado na Surf za miaka ya 1990. Hiyo nguvu zake zinapita farasi 120. Bodi ya gari ilikuwa bado nzima, chasisi haijaliwa na kutu, na kununua gari nyingine kulikuwa mbali na uwezo wetu. Injini ya mtumba pamoja na gia boksi yake ilipatikana Dar es Salaam kwa milioni 6. Yeye alikuwa na milioni 2.

Usiku mmoja baada ya Isha, watoto wameshalala, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mke wangu, zile bangili zako..." Hakumaliza, wala hakuwa na haja ya kumaliza.

Bangili zile zilikuwa mahari yangu. Siku ya nikaha yangu somo wangu alinivisha moja moja, akaniambia nisije nikazitoa kwa kuona haya. Basi nami sikusema ndiyo wala hapana. Nikamwomba siku tatu.

Siku ya pili nikaenda kwa ustadhi aliyenisomesha chuoni tangu nikiwa mdogo. Nilidhani ataniambia toa au usitoe. Yeye akaniuliza swali moja: "Unampa, unamkopesha, au unashirikiana naye?" Wallahi nilikuwa sijawahi kulifikiria hivyo. Kwangu mimi ilikuwa ni kumsaidia mume tu, basi.

Akanifafanulia. Mahari ni mali ya mke peke yake, na Suratun Nisaa aya ya 4 inaruhusu mume kula katika hayo pale tu mke anapompa kwa moyo wake mwenyewe. Kumlisha mke na kumvisha ni juu ya mume hata kama mke ni tajiri kuliko yeye. Kwa hiyo nikitoa, nimetoa kwa hiari, na nijue nimetoa kwa njia gani. Nikimpa zawadi, imekwenda, nisije nikamkumbusha siku ya ugomvi. Nikimkopesha, atanirejeshea kile kile bila nyongeza, kwani nyongeza ya kushurutishwa ni riba. Na injini ikifa, deni halifi nayo. Nikishirikiana naye, nitapata fungu la faida, na hasara ikija nayo itaula mtaji wangu. Akanikumbusha kuwa Bi Khadija, Mola amridhie, alimkabidhi Mtume wetu biashara yake kwa njia hiyo kabla hawajaoana.

Mimi nikachagua mkopo. Tena akanitanabahisha jambo moja: nikiuza bangili na kumkabidhi pesa, ninachodai ni pesa. Dhahabu ikipanda bei baadaye, nisije nikasema nataka bangili zangu. Nikakubali. Zikauzwa, zikatoa milioni 4.

Nikamwomba mume wangu tuandike. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alinyamaza muda mrefu. Mama mkwe wangu alipopata habari akaja mwenyewe, akakaa juu ya mkeka, akasema, "Mwanangu, siku hizi mke anamwandikisha mumewe kama mwenye duka?" Nikamjibu kwa adabu, "Mama, aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni ya kuandikiana deni. Ingekuwa ni aibu, isingetajwa kwa urefu ule." Hakunijibu. Lakini jioni mume wangu akaja na daftari. Kaka yangu na ami yake wakawa mashahidi: milioni 4, alipe ndani ya mwaka mmoja.

Injini ikaletwa kwa boti, ikashushwa Mkoani. Kazi gereji ikachukua wiki tatu, na mimi nilikuwa nikipeleka chakula, nikaona mengi. Nilidhani unatoa ya zamani unaweka mpya, kama kubadilisha betri ya saa. Sivyo. Vishikio vya injini vilichomelewa upya. Gia boksi mpya haikukaa pale pale ilipokuwa ya zamani, kwa hiyo shafti zinazopeleka nguvu mbele na nyuma zilikatwa na kuungwa kwa vipimo vipya. Bakuli la mafuta chini ya injini lilibidi liangaliwe lisigonge ekseli ya mbele. Bomba la moshi lilitengenezwa jengine. Na kuna kompyuta ya kuongoza pampu ya dizeli, na waya zake kama nywele za kusuka.

Pesa zilipokaribia kwisha, fundi akasema rejeta ya zamani itatosha kwa muda. Mume wangu akakubali. Mimi sikujua kitu, nikanyamaza.

Mwezi wa kwanza ulikuwa raha tupu. Vilima vyote tulipanda kama tunateremka. Mume wangu alikuwa akicheka peke yake akiendesha.

Ikaja Mfunguo Mosi, msimu wa harusi. Jumamosi moja tulikuwa na harusi mbili, jua kali, gari imejaa viti na masufuria, tunaelekea Konde. Katikati ya kilima gari ikachemsha. Mvuke ukatoka, moshi mweupe nyuma, na kijiti cha mafuta kilipochomolewa, mafuta yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji yamechanganyika na mafuta: hedi imepasuka. Baadaye nilielezwa na fundi mwengine kuwa 1KZ inasifika kwa nguvu, lakini hedi yake haivumilii joto kabisa, na rejeta ndogo ya injini ya zamani haiwezi kuipoza.

Pale barabarani simu yangu ikalia. Alikuwa mama wa biharusi, anauliza viti viko wapi. Tukakodi Canter kwa pesa zaidi ya tulizolipwa. Harusi ilifana, alhamdulillahi, lakini sisi tulirudi nyumbani mikono mitupu.

Dada zangu, sitawadanganya. Usiku ule nilikasirika mpaka nikatetemeka. Niliuangalia mkono wangu hauna kitu, nikataka kusema maneno ambayo ukishayasema hayarudi. Mume wangu alikaa kizani barazani, hakula. Kisha akaingia, akachukua daftari kabatini, akaliweka mbele yangu. "Deni ni langu," akasema. "Injini imekufa, deni halijafa."

Hakusema "si gari yetu sote?" Wala mimi sikupata nafasi ya kusema "umenilia mahari yangu." Yale maandishi niliyoyaona mazito siku ya kuandika, usiku ule ndiyo yaliyotuzuia tusivunjiane heshima. Kila mmoja alijua anasimama wapi.

Nikalala na hasira zangu. Alfajiri baada ya kusali nikaikumbuka aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayotutaka tumpe muda mwenye deni aliye katika dhiki. Nikamwongezea mwaka mmoja, tukaandika chini yake, na mashahidi wale wale.

Mimi hupaka hina na piko, na nilikuwa na akiba yangu. Safari hii nikaingia kama mshirika: tukanunua hedi nyengine, rejeta kubwa inayolingana na injini, na saa ya joto ya kuaminika. Breki nazo tukazitengeneza upya mbele na nyuma, maana gari inayokwenda mbio kuliko ilivyoundwa lazima iweze kusimama. Tukaenda pia kubadilisha nambari ya injini kwenye kadi ya gari, kwa risiti ya manunuzi. Robo ya faida ya gari ni yangu, na ikipata hasara nimo. Hilo nalo limeandikwa.

Leo deni limebaki laki tisa. Bangili sijanunua tena, na dhahabu imepanda bei, kama nilivyotahadharishwa. Nimeridhika, kwani niliingia macho wazi.

Biharusi wangu, siku moja huenda mumeo akakuomba kilicho chako, na huenda akawa na haja ya kweli. Usimnyime kwa ubakhili, wala usimpe kwa haya. Jiulize lile swali la ustadhi kabla hujafungua sanduku, kisha leta kalamu. Na kama kuna fundi anayekwambia kitu fulani kitatosha kwa muda, uliza ni muda gani.

Sasa hivi naisikia pikapu nje, wanapakia viti vya harusi ya kesho. Niombeeni isichemshe. Nami nakuombeeni ndoa zenye mapenzi, huruma na riziki ya halali. Amin.