Mfuko Mpya, Unga Ule Ule

Kuna mdada mmoja wa Mbagala anatengeneza unga wa lishe wa watoto: mahindi, mchele, ulezi, soya na karanga. Alianza na mifuko laini ya plastiki na lebo ya fotokopi. Siku moja akamsikia mteja dukani anasema, "Huu si kama chakula cha kuku?" Iliuma. Akaenda Kariakoo, akanunua mifuko ya kaki yenye zipu na kidirisha mbele. Bei akapandisha, mauzo nayo yakapanda. Unga ule ule!

Ndiyo biashara ya chakula cha watoto ilivyo. Mtoto hana hela wala hasomi lebo. Anayenunua ni mama, na mama anaanza na macho. Uingereza, kampuni ya Ella's Kitchen ilianza mwaka 2006 ikauza sana rojo la matunda kwenye vifuko vya rangi vyenye mdomo wa kunyonyea. Siku hizi vifuko vya aina hiyo utavikuta mpaka supamaketi za Dar. Ila wataalamu wanashauri ukikamulie kwenye kijiko, mtoto azoee kula na kutafuna. Uswahilini kwenyewe kinachokimbia ni pakiti ndogo, maana mtu ananunua kwa hela ya siku, japo ukipiga hesabu ya kilo analipa zaidi.

Sasa kasheshe. Kidirisha kile kinapitisha mwanga, na unga wenye karanga na soya ukipigwa na mwanga na joto unachacha mapema. Wateja wawili wakarudisha. Halafu mfuko mzuri hauondoi sumukuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kuchambua na kukausha kunafanyika kabla ya mfuko, na hakuna mteja anayekuona.

Akiwa bado anawaza hilo, akaja mama mmoja staa wa mtandaoni, wafuasi kibao. Anataka ubia, ila picha ya mwanae wa miezi minne ikae mbele ya mfuko. Mdada akapiga hesabu ya oda, usingizi ukakata. Lakini unga ule ni wa kuanzia miezi sita. Mama anayeona kichanga kwenye picha ataamini na wake wa miezi minne anaruhusiwa. Shirika la Afya Duniani nalo linakataza picha za namna hiyo.

Akakataa. Staa akahamia kwa mtengenezaji mwingine, na mzigo wake unatoka balaa.

Mdada sasa anatumia mfuko usio na kidirisha, umeandikwa kwa herufi kubwa: KUANZIA MIEZI 6, na tarehe ya mwisho inasomeka bila miwani. Mauzo yameshuka, kodi ya fremu iko pale pale.

Haya wadau, ukiwa dukani unageuza mfuko usome nyuma, au unaishia kwenye picha? Funguka hapo chini.