Hati ya Roma Iliyochelewa Kumfikia Nyanya

Ikiwa una mwana chuoni ambaye kila Jumatano jioni hukwambia yuko kwenye mkutano wa Wakatoliki, pengine unadhani ni nyimbo na chai tu. Nami nilidhani hivyo nilipojiunga na chuo kimoja mjini Embu mwaka wa 2010.

Jumuiya yetu haikuwa na kanisa. Tulikutana katika darasa ambalo mchana lilikuwa la uhasibu, tukafuta tarakimu ubaoni na kupanga viti upya. Jumapili, meza ya bwalo la chakula ilitandikwa kitambaa cheupe ikawa altare. Kayamba zililala chini ya kitanda cha mwenyekiti wa kwaya. Mwenzetu akifiwa, kofia ilizungushwa, na hapo ndipo ungejua nani ametumiwa pesa kutoka nyumbani na nani anaishi kwa sukuma wiki.

Muhula wa pili, padre mlezi wetu alituletea nakala za hati za Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Wengi tuliguna, kwani tulitaka mazoezi ya nyimbo. Mtaguso huo, ulioitishwa na Papa Yohane wa 23, ulifunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962 na kufungwa tarehe 8 Desemba 1965, ukaacha hati 16. Kumbe mambo tuliyodhani yamekuwapo tangu enzi za Mitume, kama vile Misa kwa lugha za kwetu, yalikuwa na umri wa wazazi wetu!

Mimi niligawiwa hati kuhusu umoja wa Wakristo, iliyotolewa tarehe 21 Novemba 1964. Inasema kwamba waliozaliwa na kulelewa katika makanisa mengine hawana hatia ya utengano ule wa kale, kwamba ni ndugu zetu, na kwamba ziko nyakati ambapo Mkatoliki anaruhusiwa, tena inapendeza, kusali pamoja nao. Kijana mmoja aliyekuwa na mchumba Mpresbiteri alinakili aya hiyo mara mbili.

Ukitaka kujua uzito wa maneno hayo katika sehemu zetu, panda matatu kutoka Embu uelekee Meru. Wamishonari waligawana miinuko hii. Waanglikana walikuwa Kigari, Wapresbiteri Chogoria, Wamethodisti Kaaga, nao mapadre wa Consolata kutoka Italia wakashika kwingineko, Nkubu ikiwamo. Mtoto alizaliwa ng'ambo hii ya mto akawa na dhehebu kabla hajapata jina.

Nyanya yangu na dadake walilelewa nyumba moja karibu na Nkubu. Mwaka wa 1961 dadake aliolewa na Mmethodisti. Katekista wa parokia alimwonya nyanya kwamba akikanyaga kanisa lile siku ya harusi atanyimwa Komunyo. Hakwenda. Dada huyo alipofariki mwaka wa 1998, nyanya alifika mazikoni, lakini ibada ilipoanza aliketi nje chini ya mti akishika rozari hadi jeneza lilipotolewa. Nilikuwa mtoto. Nilikaa naye pale nikidhani amechoka.

Basi likizo ya Aprili 2011 nilifika nyumbani nikiwa na nakala zangu, kifua mbele, tayari kumfundisha mkongwe mambo ya Kanisa. Alinisikiliza akipepeta maharagwe. Kuhusu Kilatini alicheka. Alikuwapo padre alipogeuka akawatazama waumini kwa mara ya kwanza, naye akaona haya, maana alikuwa amezoea kusali rozari yake bila kuonwa. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka wa 1976, alizijua kunishinda. Aliwahi kuwa mweka hazina wa yao.

Nikamsomea ile aya ya kusali pamoja. Ungo ulisimama.

"Karatasi hiyo iliandikwa lini?"

"Mwaka wa 1964, nyanya."

Alinyamaza kitambo. "Dada yangu tulimzika 1998," akasema. "Ni miaka thelathini na minne."

Msomaji, sikuwa na la kumjibu. Mabadiliko ya altare yalimfikia kwa sababu aliyaona kila Jumapili. Kumbe hili lilihitaji mtu wa kutembea hadi mlangoni pake na kumwambia kwamba lile onyo halipo tena. Katekista aliendelea na kazi yake miaka mingi, akistahiwa na wote, lakini hakuja. Sidhani alikuwa na ubaya. Huenda yeye pia hakuambiwa. Hata hivyo, mimi hukasirika mpaka leo.

Nyanya hakukasirika, au hakunionyesha. Aliomba nimwachie karatasi hiyo ingawa hakujua kusoma, akaikunja na kuitia ndani ya Biblia.

Agosti mwaka huo, mjukuu wa marehemu dadake alifunga ndoa katika kanisa lile lile. Nyanya alifika saa mbili asubuhi, maua hayajapangwa, akaketi safu ya pili. Rozari ilibaki mkobani. Walipoomba, aliinamisha kichwa kama wenzake. Wimbo ulipotajwa, alichukua kitabu kilichokuwa mbele yake, akanigeukia na kuniuliza, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, nimfungulie ukurasa gani.